Kivinjari na bosi wake: je, tuhame kwa sababu ya mtu mmoja?

Mleta mada

Wakuu, nalileta hili kwa sababu kila kivinjari cha Brave kikitajwa, haichukui muda mtu anasema "mimi siwezi kutumia kitu cha yule jamaa", na mwingine anamjibu "ndiyo maana mimi naitumia". Wote wawili wanamzungumzia mtu. Kivinjari chenyewe bado hakijajadiliwa.

Jamaa ni Brendan Eich. Kwa asiyemjua: mwaka 1995, akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari cha zamani, alitunga JavaScript, lugha ya programu inayoendesha kurasa za mtandao, kwa siku kumi. Baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa Mozilla, waliotupa Firefox. Mwaka 2008 alichangia dola 1,000 kwenye kampeni ya Pendekezo la 8 huko California, kura ya kuandika ndani ya katiba ya jimbo kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke tu. Pendekezo lilipita kwa takriban asilimia 52. Kwa kuwa orodha za wachangiaji wa kampeni ziko wazi kwa umma, jina lake likaonekana mwaka 2012, maneno yakaanza, kisha yakapoa. Tarehe 24 Machi 2014 akateuliwa kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Mozilla na moto ukawaka upya. Baadhi ya wafanyakazi walimtaka hadharani aachie ngazi. Tovuti ya kutafuta wachumba ya OkCupid ikawawekea watumiaji wa Firefox ujumbe wa kuwaomba wahamie kivinjari kingine. Tarehe 3 Aprili akajiuzulu. Mwaka 2015 akaanzisha Brave pamoja na Brian Bondy, kampuni inayojinadi kwa kuzuia matangazo na wafuatiliaji.

Msimamo wangu ni huu, nipingeni: siasa za bosi ni sababu halali ya mtu kukataa bidhaa, lakini ni kipimo kibovu cha faragha. Faragha ya kivinjari naipima kwa mambo mawili. Kinafanya nini kabla hujagusa mipangilio yoyote, na nani analipa mishahara ya wanaokiunda. Mchango wa 2008 haukuingiza hata mstari mmoja kwenye msimbo (code) wa Firefox. Yapo mambo mengine ambayo uamuzi wa kampuni yake ulifika moja kwa moja kwenye msimbo, na hayo hayapigiwi hata nusu ya kelele zile.

Chukua Juni 2020. Mtumiaji wa Brave anaandika binance.us kwenye upau wa anwani, hilo ni soko la sarafu za kidijitali, anabonyeza Enter. Kivinjari kinakamilisha anwani na kuipachika mkia: alama ya kuuliza, neno ref, kisha namba. Namba hiyo ni ya mshirika wa biashara. Ukijiandikisha sokoni kupitia anwani yenye mkia ule, Brave inapata kamisheni. Hukubofya tangazo lolote. Uliandika anwani kwa vidole vyako, na kivinjari ulichokichagua kwa ajili ya faragha kikaibadilisha njiani. Watu walipopekua msimbo, ambao uko wazi kwa yeyote, wakakuta kampuni nyingine za sarafu hizo, Coinbase, Ledger na Trezor, nazo zimo kwenye orodha hiyohiyo. Eich alikiri kwamba walikosea na wakarekebisha.

Kama swali letu ni kivinjari, huo mkia una uzito kuliko ile hundi ya dola 1,000. Lakini muulize mtu yeyote anayemsema Eich vibaya, au anayemtetea, atakusimulia 2014. Ya 2020 hajayasikia.

Kunguru Mweusi

Mleta mada umeandika vizuri ila umepita mbio pale panapouma.

"Mchango haukugusa msimbo." Sawa. Uligusa watu. Kati ya Juni na Novemba 2008, wanandoa wa jinsia moja wanaokadiriwa kuwa 18,000 walifunga ndoa halali California, na kampeni ile ilikuja kuufunga mlango nyuma yao. Mahakama Kuu ya jimbo iliziacha ndoa zile zisimame, lakini waliochelewa walisubiri hadi 2013. Sasa jiweke kwenye kiti cha mhandisi wa Mozilla ambaye ndoa yake ni miongoni mwa zile. Unaambiwa kwamba mtu aliyetoa pesa zake mfukoni ili ndoa yako isitambulike ndiye sasa mwenye kauli ya mwisho juu ya marupurupu ya familia yako. Wewe ungekaa kimya?

Halafu Mozilla haifanani na kampuni ya kawaida. Inategemea watu wa kujitolea: wanaotafsiri, wanaoripoti hitilafu, wanaochangia msimbo bila malipo. Mtu wa kujitolea hahitaji kuandika barua ya kuacha kazi, anaacha tu kuja. Hampton Catlin na mume wake, waanzilishi wa kampuni ndogo ya Rarebit, waliiondoa programu yao kwenye duka la Firefox mara tu uteuzi ulipotangazwa. Hawakutumwa na mtu.

Kingine ambacho hukukisema: baada ya mchango kujulikana mwaka 2012, Eich aliendelea kuwa mkuu wa teknolojia pale kwa miaka miwili na watu walifanya naye kazi. Kilichobadilika 2014 ni cheo. Fundi anapimwa kwa kazi ya mikono yake, kiongozi anapimwa pia kwa watu wangapi wako tayari kumfuata. Aliandika kwamba anasikitika kwa maumivu aliyoyasababisha, lakini alipoulizwa kama angechangia tena hakutaka kujibu. Hapo ndipo alipojimaliza.

Sina Upande

Kichekesho cha kisa hiki hakisemwi. OkCupid walipowaambia watu wasitumie kitu cha Eich, tovuti yao ilikuwa inatembea kwa JavaScript. Ukitaka kumgomea huyu bwana sawasawa, zima intaneti.

Na siku chache baadaye ikafichuka kwamba mmoja wa waanzilishi wa OkCupid, Sam Yagan, naye mwaka 2004 alimchangia dola 500 mbunge aliyekuwa akipiga kura dhidi ya haki za hao hao mashoga na wasagaji. Sijui ni tovuti gani ilituambia tuhame OkCupid.

Wakili wa Mtandaoni

Tuweke kumbukumbu sawa kidogo, maana kila mara naona "alifukuzwa". Mozilla ilisema rasmi kwamba hakufukuzwa wala bodi haikumtaka ajiuzulu, na kwamba alishawishiwa abaki kwa cheo kingine akakataa. Unaweza kuamini au usiamini, lakini ndivyo ilivyoandikwa. Na kuna sababu kauli hiyo ilipimwa neno kwa neno: sheria za kazi za California zinamkataza mwajiri kumwadhibu mfanyakazi kwa shughuli zake za kisiasa. Kumfukuza kwa sababu ya mchango ule kungeweza kuwapeleka mahakamani.

Wapo wanaosema haki yake ya kutoa maoni ilivunjwa. Haki ile ya katiba ya Marekani inamfunga mkono serikali. Haimfungi mteja, wala mfanyakazi mwenzake anayesema "simtaki huyu". Mgomo wa wateja nao ni maoni. Kwa hiyo kwa upande wa sheria pande zote mbili zilikuwa ndani ya mstari, na kilichobaki ni busara. Kwa busara mimi niko na Kunguru kwa robo tatu. Robo yangu iliyobaki inasita kwa sababu ya ukubwa wa kundi: watu zaidi ya milioni saba walipigia kura pendekezo lile. Kama kila mmoja wao hastahili cheo milele, hiyo ni adhabu kubwa. Kama ni yeye tu kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye orodha, hiyo ni bahati nasibu.

Ila nakubaliana na mleta mada kwamba tunatazama pembeni. Mwezi Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kwamba Google ilihodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Katika kesi ile ilitajwa hadharani kwamba mwaka 2021 peke yake Google ilitumia dola bilioni 26.3 kulipia nafasi ya kuwa injini ya utafutaji ya chaguo-msingi, yaani iliyowekwa tayari tangu kiwandani, kwenye simu na vivinjari vya wengine. Wizara ya Sheria ilitaka Chrome iuzwe. Septemba 2025 jaji akakataa, akapiga marufuku mikataba ya kumfungia mtu asiweke washindani, malipo yenyewe akayaacha yaendelee. Uamuzi huo unagusa faragha ya mabilioni ya watu, na haukupata hata chembe ya hasira iliyomwagwa kwa dola 1,000.

Fundi Nyaya

Nimesubiri mmalize siasa. Haya, tuingie jikoni.

Mwaka 2020 profesa Douglas Leith wa Trinity College, Dublin, alifanya kitu rahisi. Alichukua vivinjari sita, Chrome, Firefox, Safari, Brave, Edge na Yandex, akaviwasha vikiwa vipya kabisa, akaangalia kila kimoja kinatuma nini kwa mwenye nacho. Kikiwashwa mara ya kwanza. Kikizimwa na kuwashwa tena. Ukibandika anwani. Ukiandika herufi kwa herufi kwenye upau. Brave ilitoka na hali nzuri kuliko zote: hakukuwa na kitambulisho cha kumuunganisha mtumiaji wa leo na yule wa jana, wala kurasa zako hazikutumwa kwa kampuni. Chrome, Firefox na Safari, kwa mipangilio ya kiwandani, zilituma ulichokuwa unakiandika kwenye upau ili zikupe mapendekezo. Edge na Yandex zikawa mkiani, kwa sababu vitambulisho vyao vilifungamana na maunzi ya kompyuta yenyewe, kiasi kwamba hata ukifuta kivinjari na kukiweka upya unatambulika.

Hiyo ni kampuni ya huyohuyo Eich. Mkia wa binance na matokeo haya vilikuwa mwaka mmoja. Sasa niambieni mtu anayetaka kujua kivinjari kwa kumtazama bosi angebashiri vipi.

Tena tusidanganyane kwamba kuzuia vidakuzi (cookies) kunatosha. Kidakuzi kilibuniwa na Lou Montulli mwaka 1994, hapo hapo Netscape, ili duka la mtandaoni likumbuke ulichoweka kikapuni. Wauza matangazo wakakigeuza kuwa kengele ya kukufuata tovuti hadi tovuti. Safari ilizidi kuvibana vidakuzi vya wahusika wengine, yaani wasio wenye tovuti uliyoifungua, mwaka 2017, Firefox ikazuia vile vya wafuatiliaji wanaojulikana kwa chaguo-msingi 2019. Google iliahidi Januari 2020 kuviondoa ndani ya miaka miwili, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikasema basi, vinabaki. Kampuni ya matangazo imemiliki kivinjari kinachotumiwa na takriban theluthi mbili ya dunia, mnategemea nini?

Lakini hata vidakuzi vikifa leo, kuna alama ya vidole ya kivinjari. Ukurasa unauliza kwa JavaScript: upana wa skrini ni ngapi? Saa za eneo gani? Lugha gani, na kwa mpangilio upi? Fonti zipi zimewekwa? Kisha unakiambia kivinjari kichore picha ndogo isiyoonekana, sentensi moja yenye rangi kadhaa, na kusoma matokeo pikseli kwa pikseli, kwa sababu kila mseto wa kadi ya picha na programu yake huchora kwa tofauti ndogo sana. Hakuna jibu moja linalokutaja. Yote kwa pamoja yanakutaja. Shirika la EFF, linalotetea haki za watumiaji wa mtandao, lilipopima mwaka 2010, zaidi ya asilimia 80 ya vivinjari vilivyokuja kupimwa vilikuwa na mseto wa peke yake, ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao. Brave hujitetea kwa kudanganya kidogo kwenye majibu hayo, kila tovuti ikapewa jibu tofauti. Tor Browser, kivinjari cha kuficha utambulisho, yenyewe huwafanya watumiaji wote wafanane.

Na ndiyo, lugha inayotumika kuuliza maswali yale ni ya Eich. Alitunga kifaa, sasa anauza kinga yake. Mimi sina neno na hilo, ila linanichekesha.

Kwa haki, nimpige na Brave yenyewe kofi. Februari 2021 iligundulika kwamba dirisha lao la Tor lilikuwa linavujisha. Ukifungua anwani ya .onion, yaani ya ndani ya mtandao wa Tor, ambayo shabaha yake ni kwamba mtoa huduma wako wa intaneti asijue unakwenda wapi, kivinjari kilikuwa kinamuuliza seva wa majina wa kawaida, yaani mara nyingi yule yule mtoa huduma, "huyu yuko wapi?" Sababu ilikuwa kipengele cha kuzuia matangazo yanayojificha nyuma ya majina bandia. Kizuizi kilitaka kujua jina halisi la kila anwani, na waliokiandika hawakukumbuka kukizima ndani ya dirisha la Tor. Kipengele cha faragha kilichovunja faragha. Hakuna nia mbaya pale, ni uzembe, lakini mtu anayefungua .onion kwa sababu maisha yake yako hatarini hajali tofauti hiyo.

Mgeni Humu

Samahani wakubwa, swali la mtu asiye fundi. Mimi natumia hali fiche (incognito) ya Chrome. Si inatosha?

Fundi Nyaya

Haitoshi, ndugu. Hali fiche inakuficha kwa anayetumia kompyuta moja na wewe. Ukifunga dirisha, historia na vidakuzi vinafutwa kwako. Tovuti ulizotembelea, mtoa huduma wako na kazini kwako wanakuona kama kawaida.

Google walishtakiwa kwa hilo mwaka 2020, watu wakidai waliaminishwa kwamba hawafuatiliwi. Kesi iliisha kwa makubaliano mwaka 2024: Google wafute mabilioni ya rekodi na waandike maelezo yaliyo wazi zaidi. Fungua dirisha la hali fiche leo usome maneno yaliyo katikati ya skrini polepole. Wanakwambia wenyewe kwamba tovuti na huduma, ikiwemo Google, zinaendelea kukusanya data kama kawaida.

Mtengeneza Video

Mnaongea kama vile wanaotengeneza vitu mnavyosoma na kutazama hewa ndiyo inayowalisha. Mimi naishi kwa matangazo, na kwangu tatizo la Brave halikuwa ndoa wala alama za vidole.

Mpango wao wa mwanzo ulikuwa kuondoa matangazo ya tovuti na kuweka ya kwao. Aprili 2016, magazeti 17 ya Marekani yaliwaandikia barua ya kuwataka waache, yakisema ni sawa na kuiba kazi yao na kuiuza upya. Kisha ikaja sarafu yao, BAT, iliyouzwa Mei 2017 kwa takriban dola milioni 35 ndani ya nusu dakika. Wazo: mtazamaji anapata sarafu kwa kutazama matangazo ya Brave, anazitoa kama tuzo kwa watengenezaji anaowapenda.

Wazo zuri, utekelezaji wa ajabu. Desemba 2018 mtengeneza video wa Uingereza, Tom Scott, aligundua kwamba Brave inaonyesha jina lake na picha yake kwenye kisanduku cha kutolea michango, wakati yeye hajawahi kujisajili nao. Anayetoa anaamini pesa zinamfikia Tom. Tom hajui kitu. Aliwalalamikia hadharani, wakabadilisha ili aliyejisajili na asiyejisajili wajulikane wazi. Walibadilisha haraka, nawapa hilo. Lakini tazama mtindo: binance, michango hii, na Oktoba 2023 watu wa Windows wakakuta huduma za VPN ya Brave, bidhaa ya kulipia ya kuficha mawasiliano yako ya intaneti, zimewekwa kwenye mashine zao ilhali hawajainunua. Kila mara ni hivyo hivyo. Wanaweka kwanza, wakibambwa wanaomba radhi, wanatoa.

Mleta mada anasema tumsahau bosi tupime bidhaa. Mimi nasema mtindo wa kampuni unatoka juu. Huyo anayeamini anajua zaidi kuliko wanaoumizwa ndiye huyo huyo wa 2014.

Mleta mada

Mtengeneza Video, sehemu ya kwanza nakubali yote, na umeiweka vizuri kuliko mimi. Ya mwisho nakataa. Umeruka kutoka kwenye mchango wa siasa hadi kwenye mkia wa anwani kana kwamba ni tabia moja. Kwa hesabu hiyo, kampuni zenye mabosi wasio na doa zingekuwa safi. Hebu tuitazame Mozilla baada ya yeye kuondoka.

Desemba 2017, Firefox iliwawekea watu kiendelezi, programu ndogo ya nyongeza, cha kutangaza tamthilia ya televisheni bila kuwauliza. Watu walifungua orodha ya viendelezi wakakuta kitu kinaitwa Looking Glass, wakadhani wamevamiwa na virusi. Mwaka 2024, toleo la 128 likaja na kipengele cha kuwasaidia watangazaji kupima matangazo yao kikiwa kimewashwa tayari, na noyb, shirika la Austria la kutetea faragha, likapeleka malalamiko kwa wasimamizi wa data. Februari 2025 wakaandika masharti mapya ya matumizi yaliyosomeka kama wanajipa leseni juu ya kila unachokiandika, na papo hapo wakafuta ile ahadi kwamba hawajawahi kuuza data zako na hawatauza. Watu walipolipuka, wakayaandika masharti upya ndani ya siku chache. Wameweka, wamebambwa, wamerekebisha. Mtindo ni uleule, Eich hayupo.

Kwa hiyo chanzo ni kingine, na nadhani ni pesa. Mwaka 2025 ofisa wa fedha wa Mozilla alitoa ushahidi katika kesi ile ile ya Jaji Mehta kwamba karibu asilimia 85 ya mapato ya Firefox yanatoka kwenye mkataba na Google. Kivinjari kinachojinadi kama mbadala wa Google kinalipwa na Google. Brave haina mkataba huo, kwa hiyo inachakura kwenye sarafu na VPN. Wote wawili wanatafuta mshahara, na kila wanapobanwa, mkono unakwenda kwenye chaguo-msingi, maana wanajua watu wengi hawafungui mipangilio.

Sina Upande

Na wote wawili hawana nyumba yao. Brave imejengwa juu ya Chromium ya Google. Kwenye iPhone, isipokuwa Umoja wa Ulaya na Japani ambako sheria zimewalazimisha Apple kulegeza, kila kivinjari ni injini ya Safari iliyovalishwa nembo nyingine. Mnagombania rangi ya mlango.

Fundi Nyaya

Rangi ya mlango inakuwa jambo dogo hadi mwenye nyumba abadilishe kufuli. Google walipoleta Manifest V3, kanuni mpya za viendelezi, vile vya kuzuia matangazo kwenye Chrome vilipoteza uwezo wa kukagua kila ombi linapotoka na kuamua papo hapo. Sasa vinakabidhi orodha ya kanuni mapema, kivinjari ndicho kinachoamua. uBlock Origin kamili, kizuizi maarufu cha matangazo, haifanyi kazi tena kwenye Chrome ya kawaida. Firefox waliacha njia zote mbili wazi. Brave wamejiokoa kwa sababu kizuizi chao kimo ndani ya kivinjari chenyewe, hakitegemei kiendelezi. Kwa hiyo si kweli kwamba vyote ni kimoja.

Kunguru Mweusi

Mleta mada, swali la mwisho kutoka kwangu, na nataka jibu bila kona. Tuseme kesho Mkurugenzi wa kivinjari unachokitumia anachangia kampeni ya kukunyima wewe haki. Wewe binafsi. Bado utafungua mipangilio, uangalie chaguo-msingi, useme "msimbo ni safi"?

Mleta mada

Hapana. Ningeondoka, na nisingehitaji utafiti wa profesa kuniruhusu. Nilisema tangu juu kwamba ni sababu halali. Ninachokataa ni mtu kuondoka kwa sababu hiyo kisha akahamia Chrome, akawaambia wenzake kwamba sasa yuko salama. Hilo nimeliona mara nyingi, na waliokuwa wakiambiwa na OkCupid wahame, Chrome ilikuwa miongoni mwa viungo walivyopewa.

Vilevile wale wanaoipakua Brave ili kumuunga mkono Eich kwa ule mchango. Wamekipata kivinjari kwa njia ileile mbovu, basi tu kwamba wametokea upande wa pili wa barabara.

Mgeni Humu

Sasa mimi nifungue kipi?

Fundi Nyaya

Kwenye kompyuta, Firefox yenye uBlock Origin, na uzime kwenye mipangilio ya faragha kile kipengele cha kutuma takwimu. Au Brave, na uzime zawadi za sarafu, pochi na VPN, vyote havikuhusu. Ukichagua yoyote kati ya hivyo, zima mapendekezo ya utafutaji kwenye upau wa anwani, maana hapo ndipo kila herufi unayoandika huondoka kabla hujabonyeza Enter. Tor Browser iweke kwa siku ya shida, na usibadilishe hata ukubwa wa dirisha lake.

Na toleo jipya likitoka, fungua tena mipangilio uangalie. Wana tabia ya kuongeza visanduku vilivyokwishawekwa tiki.